Preseti za Lightroom na hina ya bibi harusi: uzoefu wangu Lamu

Napiga picha za harusi hapa Lamu, upande wa wanawake: siku ya hina, kupamba, na usiku ule bibi harusi anapotolewa. Kazi hii inataka mpiga picha mwanamke, maana picha zake hazitoki nje ya familia. Nikimaliza namkabidhi mama mwenye shughuli flashi na albamu mkononi, na zinazobaki kwangu si za kuonyesha watu. Kwa hiyo sampuli sitaweka. Nitaeleza kwa maneno, na nadhani yatatosha.

Huu ni mwaka wangu wa tano na Lightroom Classic, programu ya kuhariri picha, kwenye laptopu ya Windows. Sehemu ninayoitegemea kuliko zote ni preseti. Ukihariri picha moja ukaridhika nayo, unahifadhi mipangilio yake kwa jina, kisha picha nyingine unaibofya mara moja inapata mipangilio ile ile. Ni maagizo tu yaliyoandikwa kwenye faili dogo, na picha ya asili haiguswi. Harusi ya siku tatu inanirudisha nyumbani na picha 2,000 hivi. Bila preseti ningekuwa bado nahariri za mwaka jana.

Lakini nilianza vibaya. Mwaka wa kwanza nilinunua kifurushi cha preseti 120 kwenye duka moja la mtandaoni. Picha za tangazo zilikuwa za ufukweni, mchanga mweupe, jua la magharibi, kila kitu kimelainika. Nikajiambia Shela iko hapa, mchanga tunao na jua tunalo. Nikalipa. Harusi iliyofuata ilikuwa Mkomani, nikazimwagia picha zote preseti moja, nikachapisha albamu.

Mama wa bibi harusi alifungua ukurasa wenye picha ya mkono wa bintiye ukiwa juu ya mto, akautazama kwa muda.

"Mwanangu, hina imekwenda wapi?"

"Ipo, mama. Hiyo hapo."

"Hii chai ya maziwa. Na mkono huu si wa binti yangu."

Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Mwanamke yule alikesha na wapakaji hina. Aliingoja ikolee mpaka ikawa nyekundu ya kuiva, piko, ile rangi nyeusi, ikaizunguka, na mimi nikaifuta kwa kubofya mara moja.

Usiku ule niliifungua ile preseti kuona ndani yake mna nini, na ningetamani kila anayenunua afanye hivyo kabla ya kuitumia. Ukiiweka kwenye picha, slaida zote, vile vitelezi vya kurekebishia, zinasogea mbele ya macho yako, hakuna siri. Kwenye sehemu ya rangi, mng'ao wa rangi ya chungwa ulikuwa umepandishwa mpaka 40 na ukolezo wake umeshushwa. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi, Lightroom huisoma zaidi ndani ya rangi ya chungwa, na hina iliyoiva inakaa kati ya chungwa na nyekundu. Ukipandisha mng'ao wa chungwa, ngozi inapauka na hina inafuata. Aliyeitengeneza alikuwa na watu wake na jua lake machoni. Kwa watu wake huenda inafaa. Kwa mkono wa Lamu ulio ndani ya chumba cha matumbawe, inaharibu.

Kingine, kijani chote kilikuwa kimegeuzwa kuelekea kahawia. Mikoko ya nyuma ya jahazi ikaonekana kama imekauka.

Basi nikaanza kutengeneza zangu. Nilichukua picha moja tu, mkono wenye hina karibu na dirisha, saa nne asubuhi, kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Nyuma yake ukuta wa chokaa na zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Chokaa nyeupe ndiyo taabu kubwa ya nyumba zetu: inarudisha mwanga mpaka nakshi za zidaka zinapotea. Nikashusha sehemu za mwanga mkali mpaka -45, vivuli nikavipandisha kidogo tu, 15. Mng'ao wa chungwa nikaurudisha sifuri kisha -5. Ukolezo wa nyekundu nikauongeza 8, basi, zaidi ya hapo mdomo wa bibi harusi unawaka. Nikaongeza kidogo slaida ya umbile la ngozi ili mistari ya hina isimame. Nilikuwa na leso ya rangi ninayoijua kwenye picha hiyo hiyo, nikailinganisha na leso yenyewe mkononi. Nilikaa nayo picha hiyo moja zaidi ya saa nzima.

Kisha ndipo ikaja kazi yenyewe, kuhifadhi. Kwenye sehemu ya kuhariri, upande wa kushoto kwenye orodha ya preseti, kuna alama ya kujumlisha. Ukiibofya linafunguka dirisha lenye visanduku vingi vya tiki: mwanga, uwiano wa weupe (picha ielekee bluu au manjano), rangi, lenzi, na kadhalika. Wengi huliacha kama lilivyo, wanaandika jina na kuhifadhi. Mimi kwanza naondoa tiki zote, kuna kitufe cha kufanya hivyo kwa mara moja, halafu natia zile ninazozitaka peke yake. Kisanduku kisicho na tiki, preseti haitakigusa. Humo ndimo uzuri wote ulimo.

Mwanga wa jumla siutii tiki hata siku moja. Picha hii nimeipiga karibu na dirisha, ile pembeni ya mlango, kila moja ina kiasi chake. Preseti yenye mwanga ndani yake inafuta marekebisho uliyokwisha kuyafanya na kuweka namba yake. Kukata na kunyoosha picha pia siweki. Uwiano wa weupe naweka kwenye preseti zake peke yake, ndogo ndogo, ambazo hazina kitu kingine. Hivyo naweza kuweka preseti ya hina kwanza, kisha juu yake nikaweka ya kiwanda, yaani ya ua wa ndani ya nyumba, na ya pili haitaharibu ya kwanza kwa sababu visanduku vyao havigongani.

Angalia pia kama unapiga JPEG, picha ambayo kamera imekwisha kuitengeneza, badala ya RAW. Kwenye RAW uwiano wa weupe unahesabiwa kwa Kelvin, kipimo cha joto la rangi, kwenye JPEG ni kipimo cha kupanda na kushuka kutoka pale kamera ilipoweka. Preseti iliyotengenezwa kwa RAW haitakupa rangi ile ile kwenye JPEG, hata uibofye mara ngapi.

Majina nimeyatoa kwenye nyumba zenyewe, kwa kuwa ndiko mwanga wangu uliko. Nina kundi la "Ndani", na humo mna zidaka, kiwanda, dirisha asubuhi, dirisha alasiri. Kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu, mwanga wake ni wa bluu kidogo kwa vile unatoka mbinguni moja kwa moja bila jua kuingia. Nina kundi la "Nje": kichochoro, gati, Shela jioni. Kichochoro kina mambo yake, kuta mbili ndefu na mkanda mwembamba wa jua chini. Ukivipandisha vivuli sana, kile kivuli kizuri kinachotupoza mchana kinakufa na mtaa unaonekana kama umepigwa picha siku ya mawingu. Preseti hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo natanguliza namba, 01, 02, ili ninazozitumia sana zikae juu. Zile tatu za kila siku nimeziweka kwenye zinazopendwa.

Ukipitisha kipanya juu ya jina la preseti bila kubofya, picha inakuonyesha itakavyokuwa. Nilikaa mwaka mzima nikibofya na kurudisha, kubofya na kurudisha, kabla sijaligundua hilo.

Tangu 2022 kuna pia slaida ya kiasi, inayokwenda kutoka 0 mpaka 200, na 100 ndiyo preseti kama ulivyoihifadhi. Bibi harusi mmoja ni maji ya kunde, dada yake mweusi wa kupendeza, na wote wako kwenye picha ya dirisha lile lile. Kwa mmoja naacha 100, kwa mwingine nashusha mpaka 70. Unapotengeneza preseti hakikisha umetia tiki ya kuiruhusu slaida hiyo.

Usiku ukumbini napandisha ISO, wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka 6400, na chenga, vile vidoa vidogo vya gizani, zinakuja. Hapa Lightroom Classic imenisaidia sana, na sioni watu wakiitumia. Chukua picha mbili, ya ISO 400 na ya ISO 6400, kila moja isafishe chenga kwa kiasi chake, zichague zote mbili, kisha tengeneza preseti na utie tiki ya kufuata ISO. Ukiiweka kwenye picha ya ISO 1600 itajitafutia kiasi cha katikati. Hii nimeiweka ijiwekee yenyewe wakati wa kuingiza picha kutoka kwenye kadi.

Preseti ikihitaji kurekebishwa siitengenezi upya. Nahariri picha, nabofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kuisasisha. Picha za zamani nilizokwisha kuziwekea hazibadiliki, zinabaki na mipangilio ya siku ile. Ila tahadhari: kufuta kundi ni kufuta kila kilichomo. Kama unataka tu lisikuzonge machoni, kuna sehemu ya kusimamia preseti, ondoa tiki ya kundi na litajificha. Zile zilizokuja na Lightroom yenyewe nimezificha zote.

Sasa niseme lililonitoa machozi. Msimu wa kusi miaka miwili iliyopita nilikuwa narudi na mashua kutoka Shela, maji yamechafuka, mkoba wangu ukaingia bahari. Laptopu haikuwaka tena. Picha zilikuwa salama kwenye diski ya nje nyumbani, na nakala ya katalogi pia, ile kumbukumbu ya Lightroom ya picha na uhariri wake, nikashukuru. Nikapata laptopu nyingine, nikafungua katalogi, picha zote zipo na uhariri wake. Nikatazama kushoto: preseti hamna hata moja.

Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimeuliza zinakaa wapi. Nakala ya katalogi haibebi preseti. Kwenye Windows zinakaa kwenye folda nyingine kabisa, iliyofichwa, na yangu ilikuwa imezama na laptopu.

Kilichoniokoa ni historia. Kila picha kwenye Lightroom Classic ina orodha ya hatua ulizoifanyia, na hiyo ilikuwa ndani ya katalogi. Nikafungua picha ya zamani ya mkono wenye hina, nikashuka kwenye historia, na pale pameandikwa jina la preseti yangu, Zidaka, kwa herufi zangu mwenyewe. Nikabofya hatua ile, slaida zikarudi mahali pake, nikabofya alama ya kujumlisha, nikaihifadhi upya. Nilikaa siku mbili nikitembea kwenye picha za harusi za watu, moja baada ya nyingine, nikizikusanya. Nilipata 19 kati ya 23. Nne sikuzipata kwa sababu sikuwahi kuziweka kwenye picha yoyote iliyobaki.

Siku hizi kila nikibadilisha kitu nabofya kundi kwa kitufe cha kulia na kulitoa nje. Linatoka kama faili moja la zipu, kilobaiti chache tu, halimalizi bando. Najitumia kwa barua pepe na nakala moja naiweka kwenye flashi inayokaa kwa mama yangu. Zipu hiyo hiyo ndiyo naiingiza kwenye Lightroom ya simu, kwa kuwa preseti za Classic haziendi zenyewe kwenye simu. Ningependa sana ziende.

Malipo ya kila mwezi ni mazito kwa kazi ya msimu kama yetu, na mwezi wa Ramadhani hakuna harusi. Anayeanza na hana uwezo huo atazame darktable, ni ya bure na ina mitindo ya kuhifadhi inayofanya kazi kama hii. Mimi nimebaki kwa sababu ya ile preseti ya kufuata ISO na slaida ya kiasi, hizo mbili zinanirudishia saa nyingi.

Kwa taa za rangi za ukumbini, zile za zambarau zinazogeuka kijani kila sekunde, nilitengeneza preseti sita na nikazifuta zote sita. Hakuna inayokaa. Hina chini ya taa ya zambarau inakuwa nyeusi tii, huwezi kuitenga na piko. Picha hizo nazihariri kwa mkono, moja moja, na nikiwahi kufika kabla watu hawajajaa namwomba mwenye ukumbi aniwashie taa nyeupe kwa dakika kumi, nipige mikono kwanza.