Elfu 80 ya kukagua injini kabla sijanunua gari: uzoefu wangu Arusha

Naanza na hela, maana najua ndiyo mnayotaka kusikia. Nililipa 80,000 kwa kila gari. Magari yalikuwa mawili, kwa hiyo 160,000, na nauli ya fundi kwenda Usa River juu yangu. Gari ya kwanza niliiacha, ya pili ndiyo ninayoendesha. Kama unaona elfu 80 ni nyingi kwa mtu kufungua boneti na kuchungulia, hata mimi nilikuwa naona hivyo hadi mwaka juzi.

Mwaka juzi nilinunua Noah. Nilienda na fundi wa mtaani kwetu, mtu tunayefahamiana miaka. Akawasha, akasikiliza, akaniambia, "Dada, hii chukua ukiwa umefumba macho." Nikachukua, na kweli nilikuwa nimefumba. Wiki ya tatu natoka Moshi, napanda baada ya daraja la Kikafu, mshale wa joto ukapanda mpaka juu na injini ikazima. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Baadaye sana ndipo nikasikia dalali alikuwa amemkatia fundi wangu 150,000. Sidhani hata kama alikusudia kuniumiza. Alitaka tu biashara ifungwe tuondoke.

Kwa hiyo safari hii sikutafuta fundi bingwa. Nilitafuta fundi ambaye gari ikiuzwa au isiuzwe, hela yake ni ileile.

Nikaelekezwa kwa kijana mmoja hapa mjini ambaye kazi yake ni kukagua tu, hatengenezi. Kwenye simu aliuliza gari gani, injini gani, iko wapi. Halafu akasema, "Mwenye gari umwombe kitu kimoja, asiiwashe mpaka tufike."

Gari yenyewe ilikuwa Spacio new model, injini ya 1ZZ, iko Njiro kwa mzee mmoja mstaafu. Hakukuwa na dalali, gari imeoshwa hadi tairi zinang'aa, na mzee mwenyewe mstaarabu, katutengea chai kabla hata hatujakaa. Tulifika saa 1 asubuhi. Fundi hakuuliza chochote, aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Nami nikaweka. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Mzee, gari imetoka?"

"Eeh, nimepeleka wajukuu shule mara moja."

Ilikuwa Jumamosi. Hakuna aliyesema neno. Nilikunywa chai yangu nikiangalia chini.

Injini ya moto inaficha mengi, na hili sikulijua. Sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isipite, zikikakamaa, oili hushuka usiku taratibu hadi ndani ya silinda. Asubuhi ukiwasha, ule moshi wa kwanza ndio unaokwambia ukweli, na baada ya dakika chache unakwisha. Ukikuta gari imeshapashwa moto, umekosa onyesho. Fundi akamwomba mzee kwa adabu turudi kesho yake. Jumapili saa 12 asubuhi tulikuwa getini, boneti ya baridi yenye umande.

Kabla ya kuwasha aliniita nikae kwenye kiti cha dereva, nizungushe ufunguo hatua moja tu, bila kuwasha injini. "Mama, niambie taa ya chek injini imewaka?" Taa ya oili imewaka, ya betri imewaka, ya chek injini hakuna. Akaniambia taa ile inatakiwa iwake hapo, halafu injini ikishika izime. Isipowaka kabisa, ama balbu imekufa ama kuna mtu hataki uione. Mimi nimeendesha gari miaka 9 na siku zote nilifurahi nikiona taa hiyo haiwaki.

Akachomoa kijiti cha oili. Oili safi kabisa, mpya, lakini nzito, inadondoka kivivu kama asali. Injini ile inataka 5W-30, oili nyepesi. Mtu akimwaga nzito muda mfupi kabla ya kuuza, mara nyingi anapunguza moshi na kelele. Kisha tukawasha. Moshi wa bluu ulitoka mkupuo mmoja, ukakaa hewani pale uani, na harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyoungua. Alifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, nao moshi ukawa unatoka pale kwa pumzi, puu, puu, kama mtu anayevuta kiko. Sikuhitaji tafsiri.

Lakini alitaka namba, na hapa ndipo nilipoona hela yangu inafanya kazi. Injini ikiwa imepata moto alitoa koili zote nne, akatoa plagi zote nne akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda, akachomoa soketi za nozeli ili petroli isiingie. Akafunga geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwenye tundu la kwanza. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga mafuta mpaka mwisho na kupiga stata hadi mshale uache kupanda. Silinda ya kwanza PSI 150, ya pili 148, ya tatu 112, ya nne 145. Plagi ya tatu ilikuwa nyeusi, imelowa oili hadi kwenye nyuzi.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshasoma soma mtandaoni, nikamuuliza mbona hata zile nzuri hazifiki 180. Akacheka. "Mama, hizo 180 ni za Dar, ufukweni. Hapa tuko mita 1,400, hewa ni nyepesi. Injini ileile iliyopima 180 kule, hapa itakupa 150 na kitu. Wewe angalia zinavyolingana. Ikipungua zaidi ya asilimia 10 na wenzake, hapo kuna neno." Halafu akamimina oili kidogo, kama kijiko cha chakula, ndani ya silinda ya tatu, akapima tena. Ikapanda hadi 140. Ikipanda hivyo ni ringi, zile pete za pistoni, zimechoka, maana oili imeziba pengo kwa muda. Ingekataa kupanda, angeshuku valvu au gasketi. Na 1ZZ za mwanzoni zinajulikana kwa hilo. Vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo, vinaziba, ringi zinakwama, gari inaanza kunywa oili.

Mzee alikuwa ameegemea nguzo ya baraza muda wote. Alianza na milioni 9 na nusu, akashuka mwenyewe hadi 8. Nikamvuta fundi pembeni: kwa milioni 8, nikifanya ovahoo, yaani injini ifumuliwe na kutengenezwa upya, si bado nafaidi? Akagoma kunijibu. "Mimi nakwambia injini ikoje. Bei ongea na mzee." Siku ile nilikasirika, nilitaka mtu wa kuniamulia. Nikamshukuru mzee, nikamwachia elfu 10 ya usumbufu, hakukataa.

Ya pili, Fielder yenye injini ya 1NZ kule Usa River, sitawachosha nayo sana. Tuliikuta ya baridi, taa ikawaka na kuzima inavyotakiwa, namba ya injini ikalingana na ya kwenye kadi, kompresheni ikasoma 158, 155, 160 na 157. Aliipandisha mlima, akaishusha kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, halafu akakanyaga ghafla na kuniambia nitazame kioo cha nyuma. Hakuna moshi. Alichokuta ni maji ya rejeta yenye rangi ya kutu, maana mtu alikuwa anajaza maji ya bomba badala ya kulanti, na oili inavuja kidogo kwenye gasketi ya kava ya valvu. Kwa hayo mawili nilipunguziwa 300,000. Deni la faini za barabarani nilikagua mwenyewe kwenye mfumo wa polisi, hilo halihitaji fundi.

Sasa lawama zangu. Kwanza, nililazimika kumwomba mara mbili aniandikie majibu. Ya Spacio nililetewa nyuma ya risiti ya duka la vipuri. Mtu anayechukua elfu 80 awe na daftari. Pili, na hii inaniuma zaidi: baada ya miezi miwili Fielder ilianza kuchelewa kuingiza gia ya pili asubuhi, inasitasita halafu inaruka. Nilipompigia akanijibu kwa upole tu, "Mama, ulilipia injini." Ni kweli. Lakini mimi siyo fundi, angeniambia mapema kwamba gia boksi ni kazi ya peke yake, ningeongeza hela. Nimebadilisha oili ya gia boksi, imetulia, ila kila asubuhi nasikiliza.

Injini yenyewe mpaka leo haijanidai hata robo lita ya oili, na nimeshapanda Kikafu mara nyingi na mzigo wa ndizi nyuma.

Ningemwita tena? Nimeshamwita. Mdogo wangu anataka Noah, ameiona Moshi, Majengo, dalali anampigia simu kila baada ya saa moja. Nimempa namba ya kijana, nikamwambia amlipe yeye mwenyewe mkononi, dalali asijue wamekutanaje, na gia boksi iwemo. Wanaondoka Jumamosi saa 10 usiku ili boneti waikute ya baridi.