Kuchapa picha za maonesho ya mwaka wa mwisho hapa Dodoma: uzoefu wangu

Wadogo zetu wa mwaka wa pili chuoni wananiuliza swali moja kila tukikutana: picha za maonesho ya mwisho mlichapa wapi, Dar es Salaam? Hapana, nilichapa hapahapa Dodoma, katika duka la picha lililo katikati ya mji, na kazi ilitoka vizuri kiasi kwamba baada ya kuhitimu nimerudi pale kwa pesa yangu mwenyewe. Ila zipo hatua ambazo lazima uzisimamie wewe, usimwachie fundi.

Mradi wangu ulikuwa wa zabibu. Niliwapiga picha wakulima wadogo wa Mpunguzi, Mbabala na Hombolo, kuanzia kupogoa hadi mavuno. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nilianza na mavuno ya Agosti wakati wa likizo, nikamalizia na yale ya Machi. Picha nilizozipenda zaidi ndizo zilizokuwa ngumu kuchapa: vishada vya Makutupora nyekundu, aina ya zabibu ya huku, vilivyoiva hadi vinakaribia weusi, mikono ya mama imevishika, na nyuma yake udongo mwekundu chini ya jua la saa nane mchana. Weusi wa zabibu, weusi wa ngozi na wekundu wa udongo ni rangi tatu zilizokaribiana, na mashine isiyo na mtu makini huzifanya kitu kimoja.

Nilijaribu kwanza duka la mabango kwa sababu bei yake ni nafuu. Kwa bango la harusi au la mkutano, wale jamaa wanafanya kazi nzuri na kwa haraka. Lakini bango husomwa ukiwa barabarani, na rangi zake hukolezwa ili zikuite kutoka mbali. Picha ya maonesho mtu anaisogelea mpaka pua inakaribia kugusa. Kipande walichonichapia kilikuwa na udongo wa rangi ya chungwa, na uso wa mama ulikuwa umezama; macho huyaoni, mikunjo ya paji la uso huioni. Mwanamke aliyeamka alfajiri kuchuma zabibu alikuwa amebaki kivuli chenye kilemba.

Kule kwenye duka la picha mambo yalianza tofauti. Fundi alifungua faili kwenye kompyuta, akaziangalia zote kimya, kisha akaniuliza, "Dada, zitatundikwa wapi? Kuna madirisha au ni taa tupu?" Darasani tulifundishwa mengi kuhusu mwanga wa kupigia picha, lakini kuhusu mwanga wa kuzitazamia sikuwahi kuulizwa. Ukumbi wetu una taa ndefu nyeupe za LED na madirisha upande mmoja. Akaniambia tusichape chochote kikubwa kabla ya majaribio. Akakata vipande vidogo: kimoja cha uso, kimoja cha kishada, kimoja cha udongo, kila kimoja kwenye karatasi inayong'aa, isiyong'aa, na ile ya katikati yenye mng'ao kidogo. Nikaenda navyo ukumbini, nikavibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, nikavitazama asubuhi na jioni.

Hapa ndipo ninapotaka kila anayejiandaa anisikilize. Kipande cha karatasi inayong'aa kilikuwa kizuri mno kule dukani, zabibu zina kina na unyevu. Kilipofika ukumbini, niliona taa za dari na dirisha zima ndani yake kuliko zabibu zenyewe. Isiyong'aa haikuakisi kitu, ila weusi ulififia ukawa kama kijivu. Nikachagua ya katikati. Pia niligundua kwamba nyuso zote zimetoka nyeusi kuliko nilivyozizoea. Fundi akanieleza kwamba kioo cha kompyuta kinatoa mwanga wake chenyewe, na wengi tunahariri tukiwa tumekiongeza mwanga hadi mwisho, wakati karatasi inasubiri kumulikwa. Akaketi nami, tukainua vivuli vya usoni peke yake, polepole, tukichapa kipande kingine na kingine. Sikutaka mama huyo awe mweupe. Nilitaka aonekane, na ngozi yake ibaki ileile aliyokuja nayo shambani. Fundi alilielewa hilo bila kuelezwa mara mbili, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya duka lile.

Kuhusu ukubwa, alinikatalia A1, karatasi yenye eneo mara mbili ya A2 na mara nne ya A3. Kamera niliyoazima chuoni ni ya megapikseli 24, yaani picha yenye pikseli 6000 kwa 4000. Kwa A3 inatosha kabisa nukta 300 kwa inchi. Kwa A2 unashuka hadi kama 250, bado safi. Kwa A1 unabaki na kama 180, na nyuzi za kilemba zinaanza kulegea mtu akisogea. Mwenye tamaa ya pesa angenichapia tu, maana A1 ndiyo yenye faida. Na tafadhali, faili peleka kwa flashi. Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, na hakuna fundi wa kukurudishia kilichokatwa.

Bei si ya kubeza. A3 ya karatasi ya picha ilinigharimu zaidi ya mara mbili ya kile nilichoambiwa kwenye duka la mabango, na sehemu kubwa ya bumu langu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, iliishia pale. Vipande vya majaribio vilitozwa, lakini vikakatwa kwenye malipo ya mwisho. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, walitoa bila kuombwa, jambo ambalo msimamizi wangu aliliulizia.

Udhaifu wao uko kwenye kubandika. Picha zilibandikwa juu ya fomubodi, ubao mwepesi wa povu, zikaegemezwa ukutani siku ya joto kali, na baadhi zikapinda pembeni. Walirudia kwa gharama zao, lakini nilizipokea jioni ya kuamkia ufunguzi na tulitundika usiku. Ukienda, omba zilazwe chini zikauke, na dai siku kadhaa za ziada. Maelezo ya picha nayo wanayachapa kama ulivyoyaleta. Herufi iliyoruka itaruka hadi ukutani.

Jambo jingine: fundi aliomba picha moja ya yule mama aiweke kioo cha mbele cha duka kama sampuli. Nilikataa. Wakulima walikuwa wametia saini kuruhusu sura zao zitumike kwenye mradi na maonesho, si kuuzia biashara ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa ya mtu itumike kwa lengo alilokubali. Hakununa, na hata vipande vya majaribio vyenye nyuso alinikabidhi vyote. Uliza mapema watafanya nini na faili zako, maana hao walioko kwenye picha wamekuamini wewe, hawalijui duka.

Siku ya maonesho wakulima kadhaa walikuja kutoka Mbabala. Mzee mmoja, baada ya shikamoo zetu, alisimama mbele ya kishada kikubwa cha A2 akakitazama muda mrefu. Akasema, "Hizi zilikawia kuchumwa. Mnunuzi alichelewa." Ilikuwa kweli. Siku ile niliyopiga picha, walikuwa wamengoja gari la mnunuzi, na zabibu ikishaiva haina subira. Kila siku inayopita ni hasara ya mkulima. Sikuwa nimeandika hilo kwenye maelezo. Aliisoma rangi. Profesa wangu alisifu mpangilio na nilishukuru, lakini kwa mchapaji sijui kama kuna alama kubwa kuliko ile ya mzee.

Miezi baadaye nilirudi kuchapa nakala za kuwapelekea wakulima wenyewe. Fundi alikuwa ametunza mpangilio wa rangi na jina la karatasi, kama tulivyokubaliana. Faili nilizileta mwenyewe. Niliiweka nakala mpya kando ya ya zamani kwenye mwanga wa dirisha, na udongo ulikuwa uleule. Safari hii sikuhitaji fomubodi. Mama aliomba fremu ya mbao yenye kioo, kwa sababu ya vumbi la Mbabala, na hiyo niliichongesha kwa seremala.