ShredOS: programu ya kufuta diski kabla kompyuta haijaenda Kariakoo

Kompyuta za mezani za ofisini kwetu zilipopangwa kuuzwa, mhasibu aliniuliza, "Si unafomati tu?" Hapana, mama. Kufomati kwa haraka ni kung'oa kibao cha mlangoni, vyombo vyote vimo ndani. Sisi ni chama cha akiba na mikopo. Diski zetu zimejaa fomu za mikopo, namba za NIDA na picha za wadhamini. Kijana yeyote mwenye PhotoRec, programu ya bure kabisa, anavifukua. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo kisingizio cha "hatukujua" hakipo.

Mafundi wengi bado wanatajiana DBAN, programu ya zamani ya kufuta diski. Toleo lake la mwisho ni la 2015, na kwenye mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta uliorithi BIOS) inagoma kuwaka. Mrithi wake ni ShredOS. Ni ya bure, unaiweka kwenye flashi, unawasha mashine kwa flashi hiyo, na nwipe, programu iliyotokana na injini ya DBAN, inakufungulia orodha ya diski. Lipo pia toleo la biti 32 kwa vikongwe. Baadhi ya mashine zetu zilikataa mpaka nilipozima Secure Boot, kinga inayozuia mashine kuwaka kwa programu isiyoitambua.

Skrini yake haina urembo: rangi za zamani, hakuna kipanya. Mimi naipenda hivyo. Kila diski inaonyeshwa modeli na siriali namba, na hapo ndipo pa kutuliza macho, maana ukichagua isiyo yenyewe hakuna wa kumlilia. Nilichomoa kila kitu kisichohusika kwanza.

Usidanganyike na chaguo la Gutmann, lililopewa jina la mtaalamu aliyelitunga, la kuandika juu ya diski nzima mara 35. Lilitungwa 1996 kwa diski za enzi hizo, na Gutmann mwenyewe amekwisha sema kwamba diski za sasa haziyahitaji yote hayo. Mwongozo wa 2014 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulisema kuandika juu mara moja kunatosha kwa diski za kuzunguka, yaani hard disk za kawaida. Diski ya GB 500 ilichukua kama saa moja na nusu, na uhakiki ukala muda mwingine kama huo. Umeme ukikatika katikati unaanza upya, basi weka UPS.

Kilichonifurahisha zaidi ni cheti cha PDF kinachobaki kwenye flashi, chenye siriali namba na matokeo. Mkaguzi wa ndani alikipokea bila maswali. Diski moja ilitoa makosa ya kusoma na kuandika. Hiyo sikuiuza, ilipigwa drili.

Lalamiko langu kubwa ni SSD, diski za chipu zisizozunguka. SSD huhamisha data yenyewe kwa yenyewe na ina akiba ya nafasi isiyoonekana, kwa hiyo kuandika juu hakufiki kila kona. Dawa ni amri ya Secure Erase, inayoiambia diski ijifute yenyewe. hdparm, programu ya kutuma amri hiyo, imo humo humo kwenye ShredOS, unaifikia kwa Alt na F2, ila ni kuandika amri kwa mkono, na diski ikisema "frozen", yaani imefungwa isipokee amri hiyo, inabidi ulaze mashine kisha uiamshe. Asiyezoea mstari wa amri atakwama.

Kwa diski za kuzunguka naipa nyota tano. Kwa SSD, mbili.