Mashine ya kuandika kwa macho, na fundi aliyefuta neno la shangazi

Naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka. Kama unataka kujua skrini ina inchi ngapi na betri inakaa na chaji saa ngapi, hayo yapo kila mahali. Mimi nataka kuongelea mchana mmoja tu na fundi mmoja tu.

Shangazi yangu ana ALS. Ilianza mikono, ikaja miguu, halafu sauti ikawa nzito kama ya mtu mwenye usingizi, mwisho ikakata kabisa. Akilini yuko timamu, ukikosea jina la mtu kwenye stori atakukodolea macho mpaka urekebishe. Na hayo macho ndiyo kila kitu sasa hivi, maana huu ugonjwa unaua neva zinazoendesha misuli lakini zile za kuzungusha macho kwa wagonjwa wengi ndizo zinazodumu kuliko zote, ndiyo sababu hizi mashine zipo. Kuna mwanga wa infraredi ambao huuoni, unamulika macho, kamera inasoma mng'ao wake kwenye jicho na kujua unaangalia wapi, ukikazia herufi kama sekunde moja hivi inajiandika yenyewe, ukimaliza mashine inasoma kwa sauti.

Wiki za mwanzo nilikuwa nawaombea dua waliotengeneza hiki kitu, nasema kweli. Sentensi yake ya kwanza alihangaika nayo kama dakika kumi, sisi tumemzunguka tunadhani anataka maji, kumbe kaandika "zimeni tv". Jamani! Miezi yote ile tunamwashia tivii tukijua tunamchangamsha. Nililia na kucheka hapohapo.

Halafu ikaanza kusumbua. Asubuhi inakubali, ikifika mchana kishale kinaruka kama panzi, akiangalia A inashika P, anafuta, inashika nyingine. Tukarudia kalibresheni, ile ya kufuata vidoti kwa macho, mara nne mara tano mpaka anachoka anafumba macho kabisa. Tukapiga kastama kea, wakasema apdeti programu, tukaapdeti, ikafuta sentensi zote tulizokuwa tumemhifadhia, "nigeuzeni", "mate yananipalia", zote. Unajua maana ya mtu kupaliwa na mate na hawezi kusema? Ndipo wakamtuma fundi.

Alikuja mchana, jua kali. Akanisalimia mimi. Shangazi amekaa pale pale, mgongo kwenye mito, mashine mbele yake, hakusalimiwa. Akaniuliza, "Dada, huyu anaelewa tukiongea?"

Huyu. Mtu anayeweza kuwa mama yake mzazi, anaitwa huyu akiwa anasikia. Nikamjibu muulize mwenyewe. Akatabasamu tu akaanza kushikashika nyaya.

Shangazi alikuwa ameshaanza kuandika. Nilimwona, D, ikaruka, akafuta, D tena, I, R ikaja baada ya kuhangaika sana, jasho linamtoka kwenye paji la uso na hawezi kulifuta, I. Ilichukua dakika tano au zaidi, sikuangalia saa. Fundi akageuza skrini upande wake, akaona "diri", akasema, "Unaona? Hizi ni takataka tu, macho yanaruka yenyewe," akabonyeza kufuta. Zote. Dakika tano za mtu anayepigana na kila herufi, kidole kimoja kimemaliza.

Kisha akasimama akaongea na mimi juu ya kichwa cha shangazi, eti kwa uzoefu wake ugonjwa umeshafika kwenye macho, inatokea, hata tukibadilisha mashine hakuna kitakachosaidia. Alisema mbele yake! Shangazi machozi yakamjaa, na macho yakijaa maji kamera haisomi, kile kialama cha macho kwenye skrini kikageuka chekundu, na yule kijana akakionyesha kwa kidole kabisa, "si umeona sasa". Akaongezea eti mbona Stephen Hawking, yule mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa na ugonjwa huuhuu, aliandika kwa macho miaka yote bila shida. Uongo mtupu. Hawking alikuwa anaandika kwa msuli wa shavu, kulikuwa na kifaa kimefungwa kwenye miwani kinachonasa shavu likicheza. Na huyohuyo aliambiwa mwaka 1963 kwamba amebakiza miaka miwili, akafariki 2018. Unauza hizi mashine, unatembelea wagonjwa, hilo hujui, lakini kumhukumu mtu macho yake unaweza.

Akanipa fomu nisaini kwamba kifaa ni kizima. Nikasaini. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jioni jua limeshazama nikaenda kuizima, nikaona kile kialama cha macho ni cha kijani na kimetulia. Shangazi akaandika neno moja, haraka kama siku za mwanzo. "dirisha".

Nilikaa chini.

Wiki ile matatizo yalipoanza ndiyo wiki tuliyomhamishia upande ule wa chumba ili apate hewa. Kuanzia mchana jua linaingia dirishani moja kwa moja mpaka usoni kwake na kwenye kamera, na mwanga wa jua umejaa infraredi, ule wa mashine unamezwa. Sisi tunaingia na kutoka hatukuona kitu. Yeye anayekaa pale kutwa akitazama lile jua likitambaa ukutani alishajua, alikuwa anatuambia, na fundi aliita takataka. Na mimi niliyesimama pale nikayaona yale maneno manne, sijui niseme maneno, herufi nne, sikumwambia fundi asubiri.

Kesho yake tukatundika blanketi dirishani. Ikafanya kazi mchana kutwa. Blanketi tu.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa nawapa sifuri. Na nina mengine pia, sauti inasoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, kubashiri maneno ni kwa Kiingereza kwa hiyo akitaka "hamjanigeuza" anapita herufi moja moja, akifika "ham" mashine inampendekezea "hammer" na "ham", mambo ya nyundo na nyama, na hakuna aliyetuambia mapema kwamba tungeweza kurekodi sauti yake kabla haijapotea, ili mashine iongee kwa sauti yake mwenyewe. Hilo la sauti siwasamehi. Lakini ukiniambia niirudishe, siirudishi. Nani aichukue? Juzi kamgombeza mwanawe kwa sentensi tatu nzima, nyumba nzima ikanyamaza. Nyota mbili basi. Hapana, tatu, zote za mashine, fundi hana.

Ukinunua, muweke mgonjwa mbali na dirisha, ukimtia dawa ya macho makavu subiri kidogo kabla ya kuanza, na tengeneza ile plastiki angavu yenye herufi, unaishika kati yako na yeye unafuata macho yake, haina betri wala apdeti, siku ile ingetuokoa.

Juzijuzi kampuni walipiga simu kuuliza kama tumeridhika na huduma. Nikaweka spika, nikamwambia dada wa kwenye simu subiri kidogo shangazi anakujibu mwenyewe. Akasubiri. Halo? Halo? Mtandao unasumbua, akakata, shangazi yuko kwenye neno la pili.

Aliimalizia hivyohivyo. Iko kwenye skrini mpaka leo, nikitaka kuifuta ananikazia macho. "mwambieni fundi nilikuwa nasikia".