Gereji iliyoniambia nimlete mwenye gari, na mwenye gari ni mimi

Klachi walifunga vizuri. Naanza na hilo kwa sababu nimelelewa kutoa haki kabla ya kulalamika, na kweli pedali sasa ni laini, gia ya kwanza inaingia bila kukwaruza, na kule kutetemeka nilikokuwa nakusikia nikiondokea kwenye mlima wa Bugando, hapa Mwanza, kumeisha. Ningeandika jioni ile ile niliyoingia na kujaribu klachi tu, bila kufungua bonati, ningewamwagia sifa. Ila bonati niliifungua.

Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya milango mitano, ile ambayo wapenzi wake wanaiita GRB. Nguvu zake na mwendo wake anayetaka atavisoma kwingine. Nimelinunua kwa hela ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya sangara. Wenzangu wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba wanajua hela hiyo inavyopatikana: unaamka alfajiri, unashika samaki wa barafu, unabishana bei na watu wanaodhani mwanamke hajui kusoma mizani. Ushuru bandarini nimelipa mwenyewe, bima nakata mwenyewe, kadi ina jina langu. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna mtu alihitaji kuambiwa.

Kuishi na gari hili Mwanza kuna kazi yake, na kazi hiyo naipenda. Mji umejengwa juu ya majabali, kila unakokwenda ni kupanda au kushuka. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam na tabo, kile kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini, inajituma zaidi kusukuma hewa ile ile. Injini ilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya okteni 100, yaani inayostahimili sana joto bila kulipuka ovyo, sisi tunajaza iliyopo. Inakula oili kidogo, hivyo kila nikijaza mafuta nachomoa stiki na kutazama. Oili naibadilisha kabla ya muda ulioandikwa kitabuni, maana kwenye njia inayopeleka oili kwenye tabo kuna chujio dogo sana. Oili ikiwa chafu linaziba, na tabo ikikosa oili haisubiri wewe ufike nyumbani. Msimu wadudu wa ziwani wanapotoka kama moshi, wanaingia kwenye lile tundu la juu ya bonati na kugandamana kwenye intakula, ile rejeta inayopoza hewa ya tabo. Nasafisha mwenyewe kwa brashi laini, simwachii mtu wa kuosha magari na mashine yake ya maji.

Sasa gereji. Iko Nyakato, jina silitaji. Nilielekezwa na mtu ninayemwamini, nikapeleka gari kwa mambo mawili: klachi na kubadilisha oili. Oili nilikuja nayo mwenyewe. Nikamwambia mkuu wa pale, mtu mzima mwenye heshima zake kwa wateja wengine, kwamba hakuna kingine cha kugusa. Akaitikia, "Sawa dada, ondoa shaka."

Nikarudi kuchukua. Kwenye risiti, chini ya klachi, nikaona mstari: filta ya kisasa, laki mbili na nusu. Nikafungua bonati. Boksi la filta lililotoka na gari kiwandani halipo. Mahali pake kuna bomba nene la kung'aa na filta nyekundu ya umbo la koni, iko wazi kabisa, imeelekea upande wa joto la injini.

Nikauliza. Akatabasamu: "Tumelifungua pua, sasa linapumua. Shemeji atafurahi."

Hapa naomba wenye Subaru za tabo wanisikilize, maana jambo hili nimeona linafanywa kwenye gereji nyingi kwa nia nzuri na linaua injini. Kwenye njia ya hewa kuna sensa inayopima hewa inayoingia. Sensa haioni hewa yote. Inahisi ile inayopita mbele yake tu, halafu kompyuta ya gari inakadiria iliyobaki kwa kufuata upana wa bomba la kiwandani. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa inapita taratibu zaidi mbele ya sensa, kompyuta inadhani imeingia hewa kidogo, inatoa petroli kidogo. Hewa nyingi, petroli kidogo, tabo inasukuma: mchanganyiko unapata joto kupita kiasi na kulipuka kabla ya wakati wake. Ndiyo injini kugonga. Kwenye injini hizi kinachoumia ni pistoni, ule ukingo mwembamba ulio kati ya ringi na ringi. Unapasuka, kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, inashuka, na hapo tunazungumzia kushusha injini nzima. Koni si haramu. Ila ikifungwa, lazima kompyuta ipangwe upya na mtu anayeijua kazi hiyo. Wao walifunga na kukunja risiti.

Nikataka boksi langu lirudishwe pale pale. Nikaambiwa liko stoo, mwenye funguo za stoo ameshaondoka, nije siku nyingine. Kesho yake nilikuwa na mzigo wa watu Sengerema, usiosubiri. Nikaenda kwa upole, tabo sikuiamsha kabisa, nikavuka Daraja la Kigongo–Busisi nikiwa nyuma ya mabasi, mimi ambaye hupenda kulinyoosha gari pale. Kwenda salama. Kurudi, tumepita Usagara, kuna lori limebeba pamba na mlima mdogo mbele, nikakanyaga kidogo tu ili nilipite. Nikasikia. Mlio mkavu, wa haraka haraka, chini ya bonati, unaongezeka mguu ukishuka na kukata mguu ukipanda.

Nikasimama Buhongwa, nikachomeka kifaa changu cha kusomea kompyuta ya gari kwenye simu. Kuna namba moja inayoonyesha kompyuta inaamini kiasi gani taimingi yake, yaani wakati inaochagua wa kurusha cheche za plagi. Injini ikiwa na afya inakaa kwenye 1. Yangu ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Maana yake kompyuta ilikuwa imesikia kugonga tena na tena, ikawa inarudisha taimingi nyuma ili kuiokoa injini. Nikapiga picha ya simu, nikaenda Nyakato kwa mwendo wa bajaji.

Nikamwonyesha mkuu wa gereji zile namba. Hakuzitazama. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Dada, mambo ya injini ni marefu. Mlete mwenye gari tumwelekeze."

"Mwenye gari ni mimi."

"Basi shemeji apige simu."

Vijana wake wakacheka. Wote, isipokuwa mmoja, yule aliyefunga klachi. Yeye aliinama akaendelea na kazi yake.

Nilikuwa tayari kuzungumza kistaarabu. Nilikuwa tayari hata kuwalipia muda wa kurudisha boksi. Lakini kuambiwa nimlete mwenye gari, nikiwa nimeshika funguo, nikiwa nimetoka kuisikia injini yangu inaumia kwa kazi ya mikono yao! Nimefanya biashara na wanaume maisha yangu yote ya utu uzima. Wapo wakali, wapo wajanja wa mizani, lakini hata mjanja wa mizani ananitazama usoni ninapotaja bei.

Nikafanya jambo moja ili nijue. Nikampigia mdogo wangu, anauza makava ya simu Makoroboi. Hajawahi kumiliki gari, bonati hajui inafunguliwa wapi. Akaja kwa bodaboda, akasimama pale. Yule mkuu akampa mkono, akamwita "kaka", akamvutia stuli, akaanza kumweleza koni inavyosaidia gari. Mdogo wangu akasema, "Mimi sijui chochote, muulize dada, gari ni lake." Mzee akaendelea kumwelekea yeye! Nikiuliza swali, jibu linakwenda kwa mdogo wangu. Nikisema neno sensa, anamtazama mdogo wangu. Boksi, mwishowe, halikuonekana stoo. "Litatafutwa. Tutampigia." Si tutakupigia. Tutampigia.

Nikaondoka. Boksi jingine nimeagiza Gerezani, Dar es Salaam, limekuja kwa basi, lina mikwaruzo lakini ni lenyewe. Fundi mwingine wa Igoma amelifunga nikiwa nimesimama pembeni, akaniuliza maswali mimi, akapima kompresheni: silinda zote nne zinakaribiana. Nilipoona geji ya silinda ya mwisho machozi yalinitoka, sioni aibu. Kompyuta tumeifuta ikajifunza upya, na namba imerudi kwenye 1 na inakaa hapo hata nikipanda milima ya barabara za mawe.

Nilikusudia kumalizia hivi: kwa klachi nendeni, mkono wao ni mzuri, ila andikeni kwenye karatasi kisichotakiwa kuguswa. Nafuta. Mkono mzuri ni wa kijana mmoja, na yeye ameajiriwa. Siku akijitegemea nitampelekea gari langu na la jirani. Gereji yenyewe sipeleki hata toroli, na mwanamke mwenzangu mwenye gari lolote, Vitz au basi, asipoteze mafuta yake kwenda kule.

Mpaka naandika hawajapiga simu, si kwangu wala kwa mdogo wangu. Ile koni na bomba lake nimevitia kwenye mfuko wa salfeti. Wiki ijayo navipeleka Nyakato nidai laki mbili na nusu yangu na bei ya boksi, na safari hii naenda peke yangu.