Ekzosi ya bei mbaya au ile ya kiwandani?

Hii mada vijiwe vya Ngamiani hapa Tanga haiishi, mmoja anakwambia Akrapovič ndo ekzosi, mwingine anasema baki na iliyokuja na pikipiki hela kanunue tairi.

Bei kwanza. Ya kiwandani ushailipia, basi. Akrapovič ya Slovenia au Yoshimura ya Japani ukichukua seti nzima unaongelea hela ya bodaboda yuzdi, na nyingi zimetengenezewa mapikipiki makubwa, kwahiyo mwenye Boxer mara nyingi anaishia kwenye feki ina jina kubwa ila ni bati tu.

Nguvu? Kwa cc 125 unanunua kelele jamani. Tena usiporekebisha jeti za kabureta (vile vitundu vya kupitishia mafuta) mafuta yanakuwa kidogo kuliko hewa, injini inachemka na ukiachia mafuta inapiga risasi, abiria wa Chumbageni anashuka anakuangalia vibaya. Kwenye cc 600 kupanda juu tofauti utaiona, hasa uzito kupungua.

Ila kwenye kutu, ile ya gharama ya titani inashinda wazi. Huku Raskazone chumvi ya bahari inakula chuma cha kawaida kuanzia kwenye maungio, titani haiigusi. Shida titani ikipasuka sio kila fundi anaiweza, wakati ya chuma inachomelewa jioni ileile.

Pikipiki ikiwa ndo inakulisha, baki na ya kiwandani upake rangi ya kuhimili moto. Una pikipiki kubwa ya kupandia Lushoto wikiendi na ada za watoto zishatoka? Chukua, ila dai risiti.