Uzoefu wangu katika kituo cha mchana cha wazee, Unguja

Jamaa na majirani wenye wazazi wazee wameniuliza mara nyingi iwapo kituo ninachohudhuria kinafaa, nami nimeona ni bora nieleze kwa urefu kuliko kujibu "kizuri" au "si kibaya". Mimi ni muuguzi mstaafu niliyevuka miaka 70, ninaishi Ng'ambo katika mji wa Zanzibar, na kituo hiki nimekijua tangu kilipokuwa ukumbi mtupu wenye viti vya plastiki na televisheni moja. Jina lake sitalitaja, kwa sababu baadhi ya niliyonayo ni lawama, na waliohusika wengi wao bado wapo na wamejirekebisha.

Ieleweke kwanza kwamba hapa si makazi. Wazee wasio na jamaa wa kuwatunza wana nyumba za Serikali za Sebleni na Welezo, na shughuli zake ni nyengine kabisa. Kituo chetu ni cha mchana: mtu huingia saa tatu asubuhi, akaondoka baada ya sala ya adhuhuri na chakula. Wanapokelewa waliofikia miaka 60, kwa ada ndogo ya mwezi, na wale ambao hawana pato lolote isipokuwa Pensheni Jamii, ile iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70 na baadaye ikapandishwa, hulipa nusu ya ada hiyo.

Mwanzoni wasimamizi, ambao ni vijana wenye nia njema, waliamini kwamba kituo huvutia watu kwa vifaa. Wakatafuta wafadhili, wakaleta projekta, baiskeli za mazoezi na michezo ya ubongo iliyochapishwa kwenye karatasi. Watu walikuja kwa wingi wiki za mwanzo, kisha wakapungua, na hata waliobaki walikuwa wakiaga ifikapo saa tano. Wasimamizi wakadhani ratiba haivutii, wakaongeza filamu.

Sababu ilikuwa choo. Kilikuwa cha kuchuchumaa, na kukifikia kulihitaji kushuka ngazi mbili za saruji zilizoloa kila mtu alipotawadha. Mwenye maumivu ya magoti akichuchumaa pale hainuki bila kushikwa mkono, na hakuna mama wa heshima anayetaka kushikwa mkono chooni. Kwa hiyo wanawake wengi, hasa wenye kisukari na wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, walikuwa hawanywi maji tangu alfajiri ili wasilazimike kwenda, na haja ilipowabana waliondoka. Hali ya hewa yetu mnaijua. Mzee anayejinyima maji kwa nusu siku kwenye joto hili huanza kuona kizunguzungu, na kizunguzungu ndicho humwangusha.

Mtu atauliza kwa nini hatukusema. Sanduku la maoni lilikuwapo mlangoni, lakini wengi wetu macho yamepungua nguvu, na wapo wanaosoma Qurani vizuri sana ambao hawakuzoea kuandika kwa herufi za Kirumi. Mikutano nayo ilikuwa ya pamoja, wanaume na wanawake, na hakuna bibi atakayesimama mbele ya wazee wenzake kuzungumzia choo. Mambo yalibadilika alipoajiriwa mfanyakazi mmoja wa kike ambaye, badala ya kuitisha mkutano, alikaa mkekani na wasuka ukili wa mikeka, akasuka nao, akasikiliza. Kwa maoni yangu ajira hiyo imekisaidia kituo kuliko ufadhili wote uliotangulia.

Sasa kuna vyoo viwili vya kukaa, vyenye vishikio vya chuma ukutani, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume. Ngazi zimefukiwa na kufanywa mteremko mpole, na pa kutawadhia pamewekwa benchi la saruji ili mtu aoshe miguu akiwa ameketi. Viti vya plastiki visivyo na mikono vimeondolewa kwa sehemu kubwa, kwani mzee huinuka kwa kujisukuma na mikono ya kiti. Fundi wa mtaani ndiye aliyetengeneza vipya, kwa mbao, na vimegharimu pungufu ya zile baiskeli, ambazo hadi leo hutumika zaidi kuanikia kanga.

Huduma ya afya naitazama kwa jicho la kazi yangu, na hapo sina budi kuwa mkali. Zamani presha ilipimwa kwenye foleni: mtu anatoka juani, anasimama, anavuta mkono wake, anapewa namba, anaondoka na hofu. Kipimo cha namna hiyo kinaweza kumwonyesha mtu asiye na ugonjwa kuwa mgonjwa. Sasa mtu huketi dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, na kipimo kikifika 140 kwa 90 hurudiwa siku nyengine kabla hajaelekezwa hospitali. Matokeo huandikwa kwenye daftari la mwenyewe, ambalo huenda nalo kwa daktari. Bado nawalaumu kwa kuwa na mkanda wa kipimo wa saizi moja tu, kwani kwa mkono mnene mkanda mdogo huongeza namba.

Mazoezi yanaongozwa na kijana mwenye subira, siku tatu kwa wiki, nayo ni kuinuka kitini na kuketi, kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika meza, na kutembea kisigino kwa kidole. Hayapendezi kuyatazama, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu angalau siku tatu kwa wiki, na sababu ni hiyo hiyo ya kuzuia kuanguka.

Chakula kimeboreka kiasi. Chai ya maziwa yenye sukari iliyotiwa tangu jikoni imeachwa, na sasa sukari huwekwa pembeni. Muhogo wa kuchemsha, uji wa mchele na mkate wa mofa uliolowekwa kwenye mchuzi vimechukua nafasi ya maandazi, jambo ambalo wasio na meno wamelifurahia kuliko wenye meno.

Barazani wanaume wana bao, keram na dhumna. Wasimamizi waliwahi kutaka kupunguza muda wa bao ili watu washiriki ile michezo ya karatasi, na wazee wakakataa kwa sauti moja. Nadhani walikuwa na haki. Bao lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, na mtu hulazimika kukadiria mtaji, yaani mwendo wa kula kete za mwenzake na kuzisambaza, utakapoishia kabla hajagusa shimo. Sijui ni karatasi gani ingemtaka afikiri zaidi ya hapo. Kilichohitajika ni meza ya kuinulia bao, maana walikuwa wakiinama chini saa nzima, na meza imepatikana.

Fedha ndizo zilizotaka kutuvunja. Mikeka na kofia zinazotengenezwa hapa huuzwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kiasi gani kinarudi kwa mshonaji. Manung'uniko yalipozidi, ikaundwa kamati ambayo nusu ya wajumbe wake ni wahudhuriaji waliochaguliwa, na hesabu ya kila mwezi husomwa kwa sauti kisha hubandikwa ukutani kwa maandishi makubwa. Baadhi ya vijana waliona ni dalili ya kutoaminiwa. Mimi naona ni kawaida ya shughuli yoyote yenye fedha za watu.

Kilichobaki kuwa kigumu ni usafiri. Daladala ngazi zake ziko juu na utingo hana subira ya kumngoja mwenye mkongojo. Kituo kimepatana na madereva wawili wa bajaji wanaofuata wazee majumbani kwa zamu, lakini siku za mvua hawafiki wote, na walioko mbali na barabara ya lami ndio huachwa kwanza. Fedha zikipatikana tena, ningependa ziende huko kabla ya kununuliwa kitu chengine chochote.

Kwa mwenye mzazi anayetembea, hata kwa mkongojo, na ambaye upweke wa nyumbani umemchosha, nakipendekeza kituo hiki bila wasiwasi. Kwa mwenye mzazi aliyeanza kupotea njia au kusahau watu wake, bado sikipendekezi: lango huwa wazi, barabara iko karibu, na hakuna mfanyakazi aliyefunzwa kumwangalia mtu wa hali hiyo. Anayetaka kujaribu aje Jumatatu au Jumatano asubuhi, siku ambazo muuguzi yupo, na amlete mzee wake pamoja na dawa zote anazotumia, zikiwa kwenye paketi zake.